Umetoka kwenye pikipiki unataka kuingia gari la mashindano? Anza hivi

Juzi kuna dogo wa Muheza kanipigia simu, huyu dogo pikipiki anaijua kwelikweli, kwenye motokrosi akiruka mpaka unashika roho, ananiambia kaka nimepata mteja wa pikipiki, nauza, nanunua Subaru ya turbo, naingia rali msimu huu huu. Nikamwambia subiri, usiuze kitu, njoo Tanga tuongee. Tukakaa Raskazone kuanzia saa kumi mpaka magharibi, na yale niliyomwambia nayaandika hapa maana najua yupo mwingine Korogwe na mwingine Bagamoyo huko anawaza hayo hayo.

Kwanza ondoa wasiwasi kwamba ni ndoto, watu wameshafanya. John Surtees wa Uingereza alichukua ubingwa wa dunia wa pikipiki mara 7, mara 4 kati ya hizo kwenye 500cc ambayo ndo ilikuwa daraja la juu, afu mwaka 1964 akachukua ubingwa wa Formula 1 akiwa na Ferrari, kamzidi Graham Hill pointi moja tu. Mpaka leo hakuna mwingine aliyechukua ubingwa wa dunia kote kuwili, matairi mawili na manne. Na usidhani alizaliwa ndani ya gari, alianza mashindano ya magari mwaka 1960 akiwa na miaka 26, na kwenye mbio yake ya pili tu ya ubingwa wa Formula 1, Silverstone, kamaliza wa pili. Sisi wa vumbi tumtazame zaidi Stéphane Peterhansel, Mfaransa, kashinda Dakar, ile rali ndefu ya jangwani, mara 6 kwa pikipiki halafu mara 8 kwa gari. Kabla yake Hubert Auriol alikuwa wa kwanza kushinda kote, pikipiki 1981 na 1983, gari 1992. Nani Roma wa Hispania pikipiki 2004, gari 2014, yani miaka kumi katikati. Hiyo miaka kumi ikumbuke, nitairudia.

Sasa kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia mimi wakati naanza, na kingeniokolea msimu mzima: pikipiki unaendesha wewe, gari mnaendesha. Kila tatizo utakalolipata linatoka hapo. Kwenye pikipiki mwili wako ni sehemu ya mashine, ukiinama inainama, ukisogeza makalio nyuma tairi la nyuma linashika, na hakuna mtu wa kukwambia kitu, ni wewe na barabara. Kwenye gari umefungwa mkanda huwezi kusogea hata inchi, ardhi huioni iko chini ya bodi, na pembeni yako kuna mtu anakusomea kona ambayo we bado hujaiona na inabidi umuamini. Ushujaa unao tayari. Kujifunza kuamini mtu ndo kazi.

MIGUU NA MIKONO YAKO ITAKUDANGANYA

Hii naiweka mbele maana inaweza kukuua. Fikiria pikipiki yako: mkono wa kulia moto (yani kuongeza kasi, kwenye gari ni pedali ya mafuta) na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma, mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia. Miaka yote mwili wako umejifunza kwamba mambo yakiharibika unakandamiza mguu wa kulia. Sasa kwenye gari mguu wa kulia ukiwa umekaa kwenye moto, ukaogopa ghafla, mwili unafanya kile unachokijua, unakandamiza, na gari inaruka mbele badala ya kusimama.

Utasema mi naendesha gari kila siku siwezi kukosea hivo. Na mimi nilikuwa naendesha kila siku. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye barabara ya ndani ya shamba la mkonge, nimeingia kona na spidi kubwa, mkia ukaanza kuondoka, nikakandamiza mguu wa kulia kwa nguvu zangu zote. Tuliingia kwenye mistari ya mkonge kama mita arobaini, na mkonge una miiba mbele kama sindano, radieta ilitobolewa, kioo cha pembeni kilikuwa wazi na msoma ramani wangu akachanika bega. Alishonwa nyuzi. Mpaka leo namshukuru Mungu haikuwa jicho.

Dawa yake ni kurudiarudia kwa mwendo mdogo. Tafuta uwanja mtupu, weka alama, nenda kilomita 40 kwa saa, mtu apige filimbi bila kukwambia lini, wewe unakanyaga breki mpaka gari isimame. Mara hamsini. Kesho tena hamsini. Ukishakuwa huwazi, panda mpaka 60. Madereva wengi wa rali wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na wa kulia unabaki kwenye moto, utafika huko, ila mguu wako wa kushoto umezoea kupiga gia kwa kidole tu, hauna upole, siku za kwanza utakuwa unabamiza breki mpaka kichwa kinataka kugonga usukani. Upe mwezi. Uanzie kwenye uwanja, usianzie barabarani, na mazoezi yote haya uyafanye kwenye ardhi ya mtu aliyekupa ruhusa, ongea na meneja wa shamba vizuri, mpe siku na saa. Barabara ya Pangani ina watoto wa shule, ina bodaboda, ina ng'ombe, na hakuna zoezi linalostahili mtoto wa mtu.

YALE UNAYOKUJA NAYO

Usikate tamaa maana kuna vitu we unavyo na dereva wa kawaida itamchukua miaka kuvipata.

Cha kwanza macho. Mtu wa pikipiki anatazama mwisho wa kona, hatazami tairi, kwa sababu ukitazama shimo unaingia shimoni. Endelea hivo hivo. Tatizo gari ina nguzo pembeni ya kioo cha mbele na kiti kiko chini, kwa hiyo kwenye kona kali nguzo inaziba pale pale unapotaka kuona, geuza kichwa chote, usigeuze macho tu.

Cha pili unajua uzito unavyohama. Ukishika breki ya mbele foku inazama na tairi la mbele linashika ardhi, si ndio? Gari ni hivo hivo, ukikanyaga breki pua inainama, matairi ya mbele yanapata uzito, na hapo ndo yanakata kona. Ukiachia breki ghafla pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi haufanyi kitu. Wanaojifunza kutoka mwanzo inawasumbua kweli hii, wewe ni kubadilisha tu kutoka mwilini kwenda mguuni. Makalio yako hayawezi tena kusogeza uzito, mguu ndo unasogeza.

Cha tatu unajua vumbi. Unajua changarawe ikiwa juu ya udongo mgumu inakuwa kama mtama umemwagika sakafuni, unajua udongo mwekundu ukinyeshewa kidogo ni hatari kuliko ukinyeshewa sana. Na mkia wa pikipiki ukitoka unajua kurudisha hendo upande wake bila kuwaza. Hiyo ni dhahabu.

Ila kona yenyewe utaikata vibaya. Pikipiki unaikata kama herufi V, unaingia ndani sana, unaizungusha haraka, unainyanyua, unapiga moto. Gari ina matairi manne chini na haina cha kulala, inabeba spidi zaidi katikati ya kona, na breki inashika kwa nguvu zaidi kwa sababu haiwezi kunyanyua tairi la nyuma kama pikipiki. Ndo maana pale Catalunya, Hispania, ambapo Formula 1 na MotoGP, yani mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, zinatumia uwanja mmoja, gari inaizidi pikipiki zaidi ya sekunde 20 kwa mzunguko mmoja, japo kwenye mstari mnyoofu pikipiki ni kombora. Kwa hiyo panua kona yako, iwe duara refu, usukani uuzungushe mara moja na uurudishe mara moja. Ukijiona unakorogakoroga usukani katikati ya kona ujue umeingia vibaya, punguza mara ijayo.

UPANA

Pikipiki inapita popote. Gari ina upande wa kushoto ambao huuoni na huusikii, na vijana wote wa pikipiki wanagonga upande wa kushoto. Wote. Chukua madumu ya lita ishirini, tia mchanga kidogo chini yasipeperuke, yapange, halafu jifunze kupitisha tairi la kushoto mbele karibu na dumu bila kuligusa, kwanza viganja viwili, halafu kimoja. Ukishaweza kwa mwendo wa kutembea, ongeza. Mtu asimame nje akuambie ukweli. Zoezi hili watu wanaliruka kwa sababu halina mbwembwe, halafu siku ya mashindano wanavunja rimu kwenye jiwe lililokuwa linaonekana kabisa.

MSOMA RAMANI, AU NAVIGETA

Hapa nitakaa sana na naomba unisome polepole.

Peterhansel alipokuwa kwenye pikipiki alikuwa anajisomea njia mwenyewe huku anaendesha, jangwani, peke yake. Alipohamia kwenye gari akampa kazi hiyo mtu mwingine, na mara 7 kati ya zile 8 alizoshinda kwa gari aliyekaa pembeni yake ni mtu mmoja huyo huyo, Jean-Paul Cottret. Valentino Rossi, bingwa wa dunia wa pikipiki mara 9, kahamia magari ya GT mwaka 2022 akiwa na miaka 43, na kwenye mbio yake ya kwanza kule Imola alipoingia kubadilishana na mwenzake alipitiliza sehemu ya timu yake ikabidi azunguke tena. Mtu yule! Spidi anayo, sasa kusimama pale wenzako wanapokusubiri ni ujuzi mwingine, na unajifunzwa upya hata kama we ni Rossi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na kuna watu wanabishana na mimi kila siku: kabla hujaendesha, kaa kiti cha kushoto. Nenda kwa dereva yeyote anayeshindana, mwambie nataka nikusomee, hata mashindano ya klabu, hata mazoezi. Nimekaa kushoto misimu miwili na ndo iliyonifanya dereva. Utajua ukichelewa kusoma nusu sekunde dereva anaingia kona kipofu, na ukishalijua hilo hutamfokea msoma ramani wako maisha yako yote.

Maandishi yenyewe siyo magumu. Kila kona unaipa upande na namba, wengi wanatumia moja mpaka sita, sita ndo ya kasi kabisa na moja ndo unakaribia kusimama, halafu unaandika umbali kwa mita mpaka kitu kinachofuata. Inasomeka hivi: kulia tano, themanini, mgongo, kushoto tatu inabana usikate kuna jiwe. Andikeni kwa Kiswahili kama mnaongea Kiswahili, sijawahi kuelewa mtu anayepigiwa maneno ya Kiingereza ambayo inabidi ayatafsiri kichwani akiwa kwenye mia na ishirini. Neno moja kitu kimoja. Mkikubaliana "inabana" ni kona inayozidi kukaza, basi ni hivo mpaka mwisho, asije siku moja akasema "inakaza" ukaanza kujiuliza.

Zoezi la maandishi halihitaji gari wala spidi. Nenda Mombo, panda hiace ya Lushoto, omba kiti cha mbele, andika kona zote mpaka Soni. Ile barabara kona zake hazina huruma, daftari litajaa. Siku ya pili rudi na daftari lile lile ujisomee kimoyomoyo uone kama linakuja kabla ya kona au baada. Njia ya kupanda Amani kutoka Muheza nayo nzuri, hiyo ni vumbi na ina vivuli vya miti ambavyo vinaficha mashimo, andika na kivuli. Nauli ya hiace na daftari, hakuna mafunzo ya bei rahisi kama hayo.

GARI LA KUANZIA

Usinunue turbo. Najua Impreza inalia vizuri, najua wenzako wote wanaitaka. Gari ya nguvu inayovuta matairi manne inaficha makosa yako mpaka siku moja inaacha kuyaficha, na siku hiyo uko kwenye spidi ambayo hukuistahili. Anza na kitu kidogo, Starlet, Corolla ya zamani, kinachovuta mbele, spea unazipata mjini na fundi yeyote anaijua. Ukiingia kona na spidi kubwa itakataa kukata, inaenda moja kwa moja, hapo usizidishe usukani, legeza moto kidogo na urudishe usukani kidogo mpaka matairi yashike tena. Ukitaka kujifunza mkia basi Altezza inavuta nyuma, ila iwe ya pili. Mkia ukitoka kwenye ya kuvuta nyuma legeza moto taratibu na rudisha usukani kule unakotaka kwenda, kwenye ya kuvuta mbele mara nyingi kuongeza moto kidogo ndo kunainyoosha, na zote mbili usibamize breki katikati ya kona.

Pesa iliyobaki usiitie kwenye injini. Tia kwenye matairi, breki na shokapu, halafu kwenye usalama ambao nautaja sasa hivi. Mkao pia unagharimu sifuri: sogea karibu na usukani mpaka kiwiko kipinde, mikono iwe pale zilipo namba tisa na tatu kwenye saa ya ukutani.

USALAMA SIO ULE WA PIKIPIKI

Mtu wa pikipiki akianguka anaachana na mashine, anateleza, ndo maana tunavaa ngozi. Kwenye gari hauachani nayo, unabaki ndani, na adui yako ni moto wa kuunguza na bomba la chuma linalokuja kichwani. Helmeti ya pikipiki isikudanganye, zile za magari zenye alama ya Snell SA zinapimwa na moto na zinapimwa kugongana na mabomba ya ndani ya gari, za pikipiki zenye alama ya M hazipimwi moto. Ovaroli iwe ya kuzuia moto, na fulana ya ndani isiwe ya nailoni maana inayeyukia kwenye ngozi.

Mike Hailwood alikuwa bingwa wa pikipiki mara 9 kabla ya kuzama kwenye magari. Mwaka 1973 Kyalami, Afrika Kusini, aligongana na Clay Regazzoni, gari zikashika moto, Hailwood akatoka, nguo zake zikawaka, akazimwa, akarudi tena ndani ya moto mpaka akamtoa mwenzake. Akapewa nishani ya George Medal. Nikimkumbuka huwa naangalia mtungi wa kuzimia moto kwenye gari yangu kama umefungwa vizuri na kama mkono wangu unaufikia nikiwa nimejifunga mkanda. Fanya hivo pia, na msoma ramani naye aufikie.

Mabomba ya kinga ndani ya gari yachomelewe na mtu anayejua, siyo fundi wa mageti. Mikanda ya FIA, shirikisho la magari la dunia, ina tarehe ya mwisho kwenye lebo, ukiuziwa ya mtumba isome kabla hujatoa hela. Vaa kifaa cha kushika shingo, HANS. Na gari ikianza kubiringika mikono ndani, shika mikanda yako kifuani, usijaribu kutanguliza mkono au mguu kama ulivyozoea kwenye pikipiki. Fanyeni zoezi la kutoka nje, macho yamefumbwa, wewe na mwenzako, mpaka mtoke haraka bila kukanyagana.

LESENI NA HELA

Wanaosimamia michezo ya magari Tanzania ni AAT (Automobile Association of Tanzania), huko ndo unauliza leseni ya mashindano na masharti ya ukaguzi wa gari, uliza mapema kabla hujanunua chochote maana gari nyingine ukishainunua ndo unaambiwa haina daraja la kuingia. Kuhusu wadhamini, usiende na picha ya Subaru, nenda na daftari la matokeo uliyomaliza. Mtu anayemaliza mashindano matano anaaminika kuliko aliyeongoza moja akagonga.

Na ile miaka kumi ya Nani Roma, hapo ndo ilinigusa dogo alipouliza itachukua muda gani. Sikumdanganya. Msimu wa kwanza kaa kushoto, wa pili endesha kigari kidogo na lengo ni kumaliza tu, wa tatu ndo uanze kutazama saa. Kila ukimaliza hatua moja, kabla hujauliza muda wako, muulize aliye pembeni yako ni wapi ulimuogopesha. Atakutajia kona, nenda kwenye daftari, rekebisha namba.

Dogo hajauza pikipiki. Jumamosi hii anapanda hiace ya Mombo saa kumi na mbili asubuhi, nimempa daftari na penseli mbili, penseli kwa sababu ukikosea unafuta na ikilowa jasho maandishi hayaenei.